Michi Mitatu, Kinu Kimoja

Nilimwita mzembe, Wafubwa, mbele ya wateja,
na mikono yake ilikuwa bado imejaa unga
hadi kwenye viwiko.

Mota ilikuwa imekufa. Ukiinama ulinusa
varnishi iliyoungua, ile harufu tamu ya hasara.
Hapa Kariobangi, kusuka upya koili za mota
ni mishahara yake ya miezi minne.
Nikamwambia nitaikata yote, kidogo kidogo,
kama panya anavyokata gunia.

Akasema, "Umeme ulikuwa mgonjwa."
Nikacheka. Nikamwonyesha taa ya ofisini,
ikiwaka kama jicho la mdai.
Haikuzimika usiku kucha, alikiri mwenyewe.
"Mgonjwa gani huyu anayenawiri hivi?
Sema ulilala."
Hakusema alilala. Alijikung'uta unga,
akaenda zake kwa miguu, upande wa Korogocho.

Ijumaa akaja Kathambi wa kampuni ya umeme,
msichana mwembamba, buti kubwa.
Hakuuliza nani alilala.
Alikwenda moja kwa moja ukutani,
kwenye lile sanduku la kijivu nililolijua kwa bili tu,
nikidhani kazi yake ni kuhesabu na kunyamaza
kama karani wa michango ya mazishi.
Akalichomeka waya, akakaa juu ya gunia la pumba,
kompyuta magotini.

"Mama, umewahi kutwanga mkiwa watatu, kinu kimoja?"

Nimewahi. Nyumbani Mwingi, tukikoboa muthokoi:
mchi wangu ukishuka, wa Kasyoka uko hewani,
wa Syombua ndio kwanza unainuka.
Hakuna anayemgonga mwenzake,
na kinu hakipati nafasi ya kupumua.

"Basi ndio umeme wa fezi tatu.
Nyekundu, manjano, buluu, kila mmoja na zamu yake.
Mita yako inawasikiliza wote:
nani amepungukiwa nguvu, nani amekosea zamu,
nani pigo lake limeingia mikwaruzo
kwa sababu ya jirani yako anayechomelea mageti.
Inasikiliza, inaandika. Na saa inaandika."

Akanigeuzia kioo.

Jumanne, saa nane na dakika kumi na nne usiku.
Manjano: volti mia mbili arobaini.
Dakika moja baadaye: mia na tatu, zikitetemeka.
Zikaendelea hivyo dakika arobaini na saba.
Syombua amechoka, mchi anauburuta tu.
Sisi wawili tunatwanga kwa ajili ya watatu,
viganja vinawaka moto
mpaka kitu ndani kinakatika.

"Na taa?" niliuliza, sauti yangu imeshapungua.
"Taa yako inakula nyekundu.
Nyekundu haikuumwa hata siku moja."

Nguzo ya tatu kutoka hapa, kwenye transfoma,
nati moja ilikuwa imelegea.
Nati kama kidole gumba changu.

Nilitaka afunge kompyuta hapo. Hakufunga.
"Ona. Saa nane na ishirini, mzigo ukashuka hadi sufuri.
Kijana wako aliizima. Alisikia mota inalia.
Halafu, ishirini na sita, imewashwa tena."
Akaniangalia. "Kwa nini aliiwasha tena?"

Nikatoa simu mfukoni kama mtu anayetafuta chenji
na anajua hana.
Jumanne. Wafubwa. Saa nane na dakika ishirini na mbili.
Tulizungumza sekunde thelathini na nane.
Nakumbuka blanketi. Nakumbuka hasira ya usingizi.
Nakumbuka magunia arobaini ya shule,
na mdomo wangu ukisema, "Washa. Wewe washa tu."

Mita haiandiki sauti.
Kathambi alikunja waya wake, akaniomba nitie sahihi,
na mimi, mkono wangu ukiwa na unga kidogo tu,
unga wa kuegemea meza,
nikauliza kama kuna mtu anayejua
Wafubwa anakaa nyumba gani.